Kofia ya Shaba

Kazi yangu ni kutengeneza kofia ambazo hazivaliwi na watu. Wavaaji wake ni kima wa jamii ya makaki, na kofia zenyewe si za kitambaa bali za plastiki, shaba na nyaya. Watu waniulizapo kazi yangu nikawajibu hivi, wengi hucheka, wala simlaumu achekaye. Lakini kofia moja niliyoitengeneza ilimlaza mnyama usingizi wa dawa tangu asubuhi hata adhuhuri, bila faida yoyote kwake wala kwetu, na kosa lilikuwa langu peke yangu. Nataka kueleza kofia hiyo ni kitu gani, na kosa langu lilikaa wapi, kwa sababu halikukaa mahali nilipokuwa nikilitafuta.

Mwili wa mtu au wa mnyama, sehemu yake kubwa ni maji, na katika kila tone la maji mna hidrojeni. Kiini cha atomu ya hidrojeni hufanya kama sumaku ndogo mno inayozunguka. Kikiwekwa ndani ya sumaku kubwa, huyumba kama pia ya mtoto inayokaribia kuanguka, ila hakianguki. Na wepesi wa kuyumba kwake hutegemea nguvu ya sumaku ile. Kanuni hii imepewa jina la Joseph Larmor, mwanafizikia wa Ireland. Katika sumaku ya tesla moja kiini huyumba mara milioni 42 na nusu hivi kwa sekunde. Katika mashine ya MRI ya hospitali, iliyo ya tesla 1.5, huyumba mara milioni 64 hivi. Mashine niliyoifanyia kazi mimi, katika chuo kimoja cha Kanada, ni ya tesla 7, na nguvu yake yapita zaidi ya mara laki moja nguvu ya sumaku ya dunia, ile igeuzayo dira ya baharia. Humo viini huyumba mara milioni 298 kwa sekunde. Mwanafunzi mwenye redio ya FM nyumbani na atazame namba zake: zaanzia karibu na 88 na kuishia 108, nazo ni mamilioni hayo hayo ya mitikisiko kwa sekunde. Basi kichwa kilicho ndani ya sumaku yetu hugeuka kuwa kituo cha redio, kinachotangaza karibu mara tatu juu ya stesheni za nyumbani.

Kituo hiki, hata hivyo, hakitangazi bila kuamshwa. Koili moja kubwa hukizunguka kichwa na kutuma wimbi lenye nguvu, la mitikisiko ile ile milioni 298, na viini vyote huinama kwa pamoja. Wimbi likikoma, viini hurudi mahali pake, na katika kurudi hutoa sauti ya redio iliyo dhaifu mno. Sauti hiyo hunaswa na pete za shaba zilizowekwa karibu na kichwa, ambazo ndizo koili za kupokea. Na kofia yangu si kitu ila mkusanyiko wa pete hizo. Felix Bloch na Edward Purcell, kila mmoja na wenzake mahali pake, waliipata sauti ya viini mwaka 1946. Mwaka 1973 Paul Lauterbur alionyesha jinsi ya kuigeuza kuwa picha, na mwaka 2003 yeye na Peter Mansfield walipewa Tuzo ya Nobel. Historia hiyo imeandikwa na wengi. Mimi narudi kwenye kofia.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tuwasumbue kima, ilhali watu wako na mashine iko. Swali hilo ni la haki, wala sipendi lijibiwe kwa haraka. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake walionyesha kwamba damu yenye oksijeni na damu iliyopungukiwa na oksijeni huonekana tofauti katika picha za MRI, na tangu hapo wataalamu wamekuwa wakipiga picha za ubongo ukiwa kazini: unapoona, unaposikia, unapokumbuka. Lakini picha hizo huonyesha habari za damu, hazionyeshi neva zenyewe. Ni nani angejua kama damu yasema kweli juu ya neva? Mwaka 2001 Nikos Logothetis na wenzake, huko Tübingen katika Ujerumani, walipima umeme wa neva na picha ya damu kwa wakati mmoja katika ubongo wa makaki, wakaona kwamba viwili hivyo hufuatana. Kipimo cha namna hiyo, cha kutia waya mwembamba ndani ya ubongo, hakifanywi kwa mtu mwenye afya kwa sababu ya kutaka kujua tu. Kila asomaye picha za namna ile leo ana deni kwa makaki wale.

Nimesema deni, na neno hilo silirudishi. Wako watu wema waonao kwamba deni hilo lisingalikopwa kamwe, na nimekaa nao meza moja nikala nao. Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, walitoa kitabu kilichowataka watafiti mambo matatu: ikiwezekana kazi ifanyike bila mnyama, basi ifanyike bila yeye, ikiwa hapana budi, wanyama wawe wachache, na hao wachache wapunguziwe taabu kadiri iwezekanavyo. Mambo hayo matatu yameingia katika sheria na kanuni za nchi nyingi. Fundi wa koili hudhani kwamba hayo yawahusu daktari wa wanyama na kamati ya chuo, si yeye mwenye kulehemu shaba mezani. Mimi nilidhani hivyo kwa muda wa miaka mitatu.

Tazama hesabu hii. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa gramu 1,300 au zaidi. Ubongo wa makaki una gramu zisizofika mbali na 100. Picha ya MRI hujengwa kwa vipande vidogo vidogo, kama ukuta wa matofali. Tofali la milimita moja kila upande hufaa kwa kazi nyingi za ubongo wa mtu. Kwa makaki twataka la nusu milimita. Mtu asiyefikiri atasema nusu ya upande ni nusu ya sauti. La, sivyo. Tofali la nusu milimita lina ujazo wa sehemu moja ya nane, kwa hiyo viini vyake ni sehemu moja ya nane, na sauti yake vilevile. Waweza kurudia picha na kuzijumlisha ili sauti iyashinde makelele, lakini makelele nayo hukua katika kujumlishwa, ingawa polepole zaidi: ukirudia mara nne wapata faida ya mara mbili tu. Ili kurudisha ile mara nane iliyopotea, sharti urudie mara 64. Picha ya dakika 10 itakuwa ya saa 10 na dakika 40, na muda huo wote mnyama yu katika dawa ya usingizi. Hakuna daktari wa wanyama atakayekubali, wala hastahili kukubali.

Njia za kutoka katika hesabu hiyo ni mbili: sumaku yenye nguvu zaidi, au sikio lililo karibu zaidi. Sumaku hununuliwa na wenye fedha. Sikio hutengenezwa mezani, nayo ndiyo kazi yangu.

Maabara nyingi zimewapiga kima picha kwa koili iliyotengenezwa kwa ajili ya goti la mtu, kwa kuwa goti na kichwa cha makaki hukaribiana kwa ukubwa. Hiyo ni busara ya mwenye kutumia alicho nacho, wala siidharau. Walakini pete kubwa husikia kila kitu: husikia ubongo, na husikia makelele ya nyama yote iliyo mbele yake, kwa maana mwili wenye chumvi na joto una makelele yake ya umeme. Pete ndogo husikia mtaa mmoja tu wa kichwa, na makelele ya mtaa huo tu. Ukiwa na pete ndogo nyingi, ukasikiliza kila moja peke yake, kisha ukaunganisha habari zao kwa hesabu, wapata usikivu wa wengi bila kelele za wote. Ila pete ndogo ina kasoro yake: haisikii mbali. Iinue sentimita moja tu juu ya ngozi, nayo hupoteza sehemu kubwa ya manufaa yake. Kwa sababu hiyo kofia ya pete ndogo sharti ibane kichwa kama ganda libanavyo yai.

Tena kichwa cha makaki si kichwa cha mtu kilichopunguzwa. Ana paji lililotokeza juu ya macho, na mdomo mrefu ambao mrija wa pumzi hupitia. Dume lina misuli minene ya kutafunia iliyopanda pande zote mbili za kichwa, ikausukuma mbali ubongo na pete zangu. Ndani ya mashine hulazwa kifudifudi, uso ukitazama mbele, kama ile sanamu ya Sphinx huko Misri. Jambo moja tu la maumbile yake hutupunguzia kazi. Wimbi letu lina urefu wa mita moja hewani, lakini ndani ya ubongo hufupika likawa sentimita 13 hivi, na kwa kuwa kichwa cha mtu ni kipana zaidi ya hapo, mawimbi hugongana ndani yake, yakafanya kati pawe na mwanga mwingi na pande zikapata kivuli. Kichwa cha makaki ni kidogo, na kivuli hicho humsumbua kwa uchache.

Kofia yangu ya kwanza ilikuwa na pete nane. Kila pete nilikata mahali kadhaa nikatia kapasita, kisha nikaikaza kama mpiga udi akazavyo uzi wake, mpaka iitikie milioni 298 na si zaidi wala pungufu. Hapo huanza ugomvi wa majirani. Pete mbili zilizokaribiana husikilizana zenyewe kwa zenyewe, na sauti ya kila moja hugawanyika mara mbili, ikahama mahali pake. Dawa yake yajulikana tangu mwaka 1990, katika kazi ya Peter Roemer na wenzake: pete moja ipande kidogo juu ya nyingine, hata vituo vyake viwe mbali kwa robo tatu hivi ya upana wa pete. Hapo kinachotoka katika sehemu zilizopandana hukifuta kinachotoka katika sehemu zisizopandana, na majirani hunyamaza. Robo tatu ni mahali pa kuanzia tu. Baada ya hapo ni mkono, koleo na subira. Husogeza shaba unene wa ukucha, ukatazama chombo cha kupimia, ukaisogeza tena. Nilikaa wiki tatu juu ya pete mbili za kisogoni.

Liko jambo jingine ambalo fundi hawezi kulifanyia mzaha. Koili kubwa inapotuma wimbi lake lenye nguvu, pete za kupokea hazina budi kulala, yaani ziharibiwe mlio wake kwa muda ule, ndipo ziamke tena kusikiliza mnong'ono. Kazi hiyo hufanywa na daiodi, kipande kidogo kuliko punje ya mchele, kinachofunguliwa na kufungwa kwa umeme. Pete isiyolala huvuta umeme mwingi, ikapata joto, nayo imegusana na ngozi ya kiumbe kilicholala kisichoweza kulia. Kwa hiyo kabla ya mnyama yeyote kuingia, nilijaza maji ya chumvi katika chupa yenye umbo la kichwa, nikaivika kofia, nikatuma wimbi kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi ya tutakavyotumia, nikapima joto la kila pete. Ya tano ilipata joto. Nilifungua nikakuta daiodi imelehemiwa vibaya. Nililehemu upya, nikapima upya zote nane tangu mwanzo. Natamani uangalifu huo ningaliutumia kila mahali.

Umbo la kofia nililichukua katika picha ya MRI ya dume mmoja iliyokuwa katika kumbukumbu za maabara. Nilikata plastiki kwa kuifuata picha ile kwa usahihi wa nusu milimita, nikajisifu kwa wenzangu. Picha ilikuwa ya miaka miwili nyuma. Dume alikuwa na umri wa miaka minne ilipopigwa. Sasa alikuwa na sita. Makaki dume wa miaka minne ni kijana, na wa sita anakaribia kuwa mwanamume kamili: misuli ya kutafunia huwa imejaa, na paji limezidi kutokeza. Nilijua kanuni ya Larmor na ya Roemer, lakini jambo hili ambalo mchungaji yeyote wa mbuzi angalilijua, halikunijia moyoni.

Siku ilipofika, mnyama alilazwa saa mbili asubuhi. Mrija wa pumzi ulitiwa, vipimo vya moyo vikafungwa, na mimi nikaleta kofia yangu kama bwana arusi. Haikushuka. Ilisimama juu ya misuli ya pande, na pete za utosini zikabaki zikielea sentimita nzima juu ya ngozi. Tulitoa sponji za ndani, haikutosha. Tulimgeuza kidogo, ikakaa upande. Nikaibonyeza, nikasikia mlio mdogo mkavu ambao kila mwenye kulehemu aujua: kiungo kilipasuka, na pete moja ikafa. Tukapiga picha kwa hizo saba zilizobaki, na picha ikatoka na giza mahali hasa tulipotaka kuona. Saa sita mchana daktari wa wanyama alisema basi. Hakunigombeza. Alianza tu kupunguza dawa, akikitazama kifua cha mnyama.

Wanyama wale walikuwa na mtunzaji wao, mama wa makamo ambaye kwa desturi ya kwetu ningalimwita Mama, lakini huko watu huitana kwa majina hata wakizidiana miaka thelathini. Alikaa na yule dume mpaka akaamka vizuri. Jioni nilikwenda kwake kutafuta maneno ya kusema, wala sikuyapata. Yeye ndiye aliyesema.

"Ulipima karatasi," aliniambia. "Mwenyewe yuko kwangu siku zote, na hukuja hata siku moja."

Akanionyesha daftari lake. Ndani yake mlikuwa na uzito wa kila mnyama, wiki kwa wiki, kwa mwandiko mdogo uliolala. Katika miaka ile miwili dume langu lilikuwa limeongeza zaidi ya kilo mbili. Daftari hilo lilikaa hatua arobaini kutoka meza yangu. Nilimwuliza ningaliwezaje kumpima kichwa mnyama bila kumlaza kwa sababu hiyo tu. Akanitazama kama atazamwavyo mtoto, akasema kwamba kila mnyama hulazwa kwa muda mfupi anapokaguliwa afya na meno, na kwamba hakuna aliyewahi kuzuiliwa kuingia na futi yake.

Basi nikangoja ukaguzi uliofuata, nikaingia na futi kamba na koleo la kupimia unene. Nilipima wanyama watano. Nilipima upana juu ya misuli, urefu wa paji hata kisogo, nafasi ya masikio, na mahali mrija upitapo. Hakuna wawili waliolingana. Hapo niliona kwamba hata kama ningalimpima yule dume barabara, kofia ingalimfaa yeye peke yake, na kwa muda tu; kwa kila mwingine ningalikuwa nimerudi kwenye koili ya goti.

Kofia ya pili niliikata vipande viwili, vilivyounganishwa kisogoni kwa bawaba, vikakutana utosini kwa reli fupi. Hufungwa kichwa kikiwa tayari ndani, na hubana kwa kadiri ya kila kichwa. Jambo hili lilinigharimu. Pete zinazokutana juu ya ufa haziwezi kupandana kwa kiasi kile kile kwa kila mnyama, kwa hiyo majirani wale wawili husemezana kidogo, na vikuzaji vya sauti vilivyo nyuma ya kila pete, ambavyo vimeundwa kuzuia umeme usizunguke ndani ya pete, hupunguza ugomvi huo bila kuumaliza. Mwenzangu mmoja, fundi mzuri kunishinda, aliona ni aibu kuacha kasoro inayojulikana katika chombo kipya. Mimi naona kofia yenye kasoro ndogo inayogusa ngozi ni bora kuliko kofia kamili inayoelea, na mpaka leo hatujakubaliana.

Nililehemu pete kumi na mbili badala ya nane. Nilipima joto la zote, mara mbili. Kisha nilimwomba mtunzaji awepo siku ya kuijaribu, akakubali kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayeifunga. Dume yule yule alilazwa saa mbili asubuhi. Mama yule alikifunga kipande cha kushoto, kisha cha kulia, akapitisha kidole chake chini ya ukingo pande zote kutafuta mahali panapobana kupita kiasi, akanitaka nikwaruze plastiki karibu na sikio la kulia. Nikakwaruza. Saa tatu na nusu tulikuwa na picha zote za siku ile, na kabla ya saa nne mnyama alikuwa ameanza kupepesa macho. Katika picha ile mikunjo ya ubongo ilikuwa wazi, na mstari wa kijivu kando ya mweupe ulionekana hata kisogoni, mahali nilipokaa wiki tatu. Chini ya masikio, karibu na bawaba, picha bado ina ukungu, nami bado nafanya kazi juu ya pete hizo.

Wiki iliyopita mtunzaji alikuja mezani kwangu na daftari lake, akaniwekea kidole juu ya mstari wa mwisho. Dume ameongeza gramu mia tatu.